Kupotea Riverside

Treni niliyopanda Union Station, katikati ya Chicago, ilinishusha kijiji cha Riverside baada ya kama nusu saa. Hatua chache kutoka stesheni umesimama mnara wa maji wa 1871, wa matofali, kazi ya William Le Baron Jenney. Ndiye huyo aliyekuja kuchora Home Insurance Building ya 1885, ambayo wengi huiita ghorofa refu la kwanza duniani. Na makazi yake yalikuwa hapa hapa Riverside! Maghorofa aliwaachia wengine, yeye akarudi kulala penye miti.

Kijiji chenyewe kidogo, nikaona ramani ya nini. Basi nikapotea. Nilishika njia nikiamini naelekea mto Des Plaines. Ikapinda kushoto, ikapinda kulia, baada ya robo saa nauona tena mnara uleule, safari hii kwa mgongo wake.

Chicago barabara zimenyooka kama rula. Huku Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, walewale waliochora bustani ya Central Park, New York, walipochora mpango 1869 walizipinda makusudi, mtu asiwe na haraka. Nyumba nazo zikasogezwa futi 30 kutoka barabarani. Bustani zimeungana hata hujui ya jirani imeanzia wapi.

Mzee mmoja aliyekuwa akimwagilia maua alinitazama nikipita mara ya pili.

“Unatafuta stesheni?”

“Natafuta Coonley House.”

“Umeipa mgongo.”

Nyumba hiyo ya msanifu majengo Frank Lloyd Wright nimeiona kwa nje tu, ina watu wake. Vigae vya ukutani vimepangwa kwa mistari na miraba kama mkeka. Jirani yake kuna jengo dogo la 1912, lililokuwa shule ya watoto. Madirisha yake ya vioo vya rangi yalikuwa na baluni na bendera. Ya asili yamekwishang'olewa, mengine yako makumbusho. Hilo liliniuma.

Kampuni iliyoanzisha kijiji haikufika mbali: Chicago iliungua 1871, mdororo wa uchumi wa 1873 ukaimaliza. Viwanja vilijazwa polepole, ndiyo maana nyumba hazilingani umri.

Giza lilipoingia taa za barabarani zilikuwa zikiwaka, na ni za gesi kweli, hadi leo. Mwanga wake wa njano unaishia miguuni pa nguzo. Nilisimama chini ya moja nikiangalia kile kimwali, treni ikapiga honi ikaondoka.