Mama kashika kikombe

Mnaouliza hali ya Mama, anaendelea vizuri, Mungu ni mwema. Tangu kiharusi kimpige upande wa kulia, kazi kubwa ni kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo, usiku pia, na baridi ya Uyole mwezi wa saba mnaijua wenyewe. Mazoezi ya mkono tunafanyia nyumbani: kukunja vidole, kunyoosha, kukunja tena. Analalamika huyo! Leo asubuhi kashika kikombe cha uji wa ulezi kwa mkono uleule. Nusu ukamwagikia kanga, tukacheka wote, halafu akauliza nani kabania sukari. Mama mdogo, ndizi za Tukuyu zimefika, asante. Mwenye kiti cha magurudumu anachouza, hata kilichotumika, anicheki.