Kabla kikundi hakijaomba mkopo wa halmashauri

Tangu mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, irejeshwe nchini Tanzania Julai 2024, baada ya kusimamishwa Aprili 2023, swali linaloulizwa zaidi vijijini ni namna ya kuomba. Nitalijibu, maana jibu lake si gumu. Lakini vikundi vingi haviangushwi na maombi. Vinaanguka miezi kadhaa baada ya fedha kuingia, kwa sababu andiko la mradi liliandikwa ili lipitishwe, na hakuna aliyekaa chini akahesabu fedha itaingia mwezi gani na deni litadaiwa mwezi gani. Hapo ndipo nataka tukae kwa muda mrefu.

Kwanza fedha yenyewe inatoka wapi, kwa kuwa ukilijua hilo utajua na kiasi cha kuomba. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kilichoingizwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mapato ya ndani ni ushuru wa mazao, leseni, ada za masoko na minada na mengine ya namna hiyo. Ruzuku ya serikali kuu haimo. Na mapato ambayo tayari yana kazi yake maalumu, kama uchangiaji wa huduma za afya, huondolewa kwanza ndipo asilimia 10 ikokotolewe.

Sasa piga hesabu ya mfano. Halmashauri ya vijijini imebakiwa na shilingi bilioni 1.5 baada ya makato hayo. Asilimia 10 ni milioni 150. Wanawake wa wilaya nzima wanapata milioni 60, vijana milioni 60, watu wenye ulemavu milioni 30. Kama wilaya ina kata 20, fungu la wanawake ni wastani wa milioni 3 kwa kata kwa mwaka mzima, ukiacha marejesho ya mikopo ya nyuma yanayokopeshwa upya. Kikundi kimoja kikiomba milioni 30, kinaomba fungu la kata kumi. Sisemi kiasi kikubwa hakitolewi. Nasema jiandaeni kupunguziwa.

Na kupunguziwa ndiko kunakoua miradi mingi mizuri. Kikundi kinaomba milioni 12 za mashine ya kukamua alizeti, kinapewa milioni 6. Wanachama hawataki kuikataa fedha, nani angekataa? Wananunua mashine nusu ya uwezo waliopanga, au wananunua mashine kamili bila banda, bila umeme, bila mbegu. Mashine inakaa chini ya turubai na deni linaanza kuhesabika. Halmashauri imetoa mkopo, kikundi kimepokea, na kijijini hakuna hata lita moja ya mafuta iliyoongezeka.

Kinga yake ni kuandika andiko kwa awamu, kila awamu iwe inaweza kusimama peke yake na kuingiza fedha. Tubaki na mradi wa alizeti, kwa kuwa Singida, Dodoma na Manyara kuna vikundi vingi vinavyoufikiria. Awamu ya kwanza: kununua mbegu wakati wa mavuno, kuzikamulisha kwenye mashine ya mtu mwingine kwa malipo, na kuuza mafuta na mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua. Haihitaji mashine, inahitaji fedha ya mbegu, madumu, mzani na stoo kavu. Awamu ya pili: mashine na chujio. Awamu ya tatu: kusafisha mafuta zaidi, chupa, lebo na nembo ya ubora. Mkipewa nusu ya mlichoomba, mnafanya awamu ya kwanza yote, na mkirudi kuomba mkopo wa pili mtakuwa na daftari la mauzo la kuonyesha.

Wengi huiona awamu ya kwanza kuwa ndogo mno, wanataka mashine tu. Tazama hesabu, na bei hizi ni za mfano, weka za kwenu. Mashine inayokamua kilo 100 kwa saa, ikifanya kazi saa 6 kwa siku, inakula kilo 600 za mbegu kila siku. Kwa siku 20 za kazi ni kilo 12,000. Kilo ikiwa shilingi 800, mbegu za mwezi mmoja ni milioni 9.6. Kikundi kilichomaliza karibu mkopo wote kwenye chuma na kubakiza milioni 2 kinaweza kununua kilo 2,500, yaani kazi ya siku nne na kidogo. Baada ya hapo mashine inangoja mafuta yauzwe ndipo mbegu nyingine zinunuliwe, na muuzaji wa rejareja anayechukua kwa mkopo akichelewa wiki mbili, mmesimama wiki mbili. Kwa hiyo kikundi chenye mashine na mtaji mdogo kianze kwa kuwakamulia wakulima kwa malipo. Sehemu nyingine hutoza kwa gunia, sehemu nyingine mwenye mashine hubaki na mashudu kama malipo au sehemu ya malipo. Ulizeni desturi ya eneo lenu, kisha liandikwe kwenye andiko kwa tarakimu.

Mambo mengine manne kuhusu mashine hiyo, kwa kuwa maandiko mengi hayayagusi. Umeme: mota kubwa huhitaji umeme wa njia tatu (three-phase), na vijiji vingi vilivyofikiwa na umeme vijijini vina laini ya njia moja. Nendeni TANESCO, shirika la umeme, mkaulize nguzo iliyo karibu na banda lenu ina njia ngapi, kabla ya kulipia mashine. Kama ni njia moja, tafuteni mashine ndogo au injini ya dizeli, na gharama ya dizeli iingie kwenye hesabu. Uchafu: mchanga na mawe madogo yaliyomo kwenye alizeti hula skrubu ya kukamulia, kwa hiyo chekecheke ni sehemu ya mradi, si hiari, na fedha ya vipuri iwe na mstari wake. Unyevu: mbegu isiyokauka hukamuka vibaya na hushika ukungu stoo. Mavuno: gunia la kilo 65 hutoa takribani lita 16 hadi 20 kutegemea aina ya mbegu na mashine. Msiandike lita nyingi kuliko hizo kabla hamjakamua na kupima wenyewe.

Sasa ratiba ya marejesho. Chukua mkopo wa milioni 6 kwa miezi 24. Kwa kugawa sawasawa ni shilingi 250,000 kila mwezi, na mkataba mara nyingi huandikwa hivyo kwa sababu ndiyo hesabu rahisi. Alizeti huvunwa katikati ya mwaka. Tuseme kuanzia Juni hadi Novemba mradi unabakiza shilingi 700,000 kwa mwezi baada ya gharama zote, na kuanzia Desemba hadi Mei unabakiza 100,000. Kwa mwaka ni milioni 4.8, na deni la mwaka ni milioni 3. Ukitazama jumla, mradi unalipa vizuri kabisa. Ukitazama mwezi kwa mwezi, kila mwezi wa ukame wa fedha una pengo la 150,000, na kwa miezi sita pengo ni 900,000. Hizo 900,000 lazima ziwe zimewekwa kando kabla Novemba haijaisha.

Hapa ndipo kikundi kizuri kinapogeuka kuwa mdaiwa sugu. Septemba akaunti ina fedha, ada za shule za Januari zinakuja, mtu anasimama kwenye kikao anasema tugawane kidogo. Wanagawana. Februari hakuna kitu. Hawakula fedha ya mkopo, wala hawakuwa wezi, ila walikula miezi ya mbele. Wekeni kwenye katiba ya kikundi kifungu kinachosema hakuna mgao wowote mpaka akiba ya marejesho ya miezi sita iwe benki. Na kabla ya kusaini mkataba, ombeni kwa maandishi ratiba inayofuata msimu: marejesho makubwa Juni hadi Novemba, madogo miezi mingine. Ombeni pia muda wa kuanza kurejesha uhesabiwe kwa kuzingatia lini mradi utaanza kuingiza. Fedha ikitoka Desemba kwa mradi wa alizeti, na marejesho yakaanza Machi, kikundi kitarejesha mkopo kwa kutumia mkopo wenyewe. Si kila afisa atakubali, lakini ombi lenye jedwali la mapato ya kila mwezi ni gumu kulikataa kuliko malalamiko ya mdomo.

Hesabu hiyohiyo inafanya kazi kwenye kuku wa nyama, bustani ya nyanya, bodaboda au ushonaji. Bodaboda inaingiza kila siku, kwa hiyo marejesho ya kila mwezi yanaifaa. Ng'ombe wa kunenepesha haingizi chochote mpaka auzwe. Jiulizeni shilingi ya kwanza itaingia lini, na ipi ndiyo miezi mibaya.

Kuhusu utaratibu wa kuomba, nitapita haraka. Kikundi cha wanawake au vijana kinahitaji watu wasiopungua watano. Kwa watu wenye ulemavu masharti ya idadi ni mepesi zaidi, na mtu mmoja anaweza kuomba. Andaeni katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi wenye sahihi za wote, na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ya kila mwanachama. Mwoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ili kikundi kisajiliwe halmashauri, kisha fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi. Maombi huingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Wezesha Portal wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na hupimwa ngazi ya kata, halmashauri na wilaya kabla fedha haijatoka. Katika halmashauri 10 zilizochaguliwa kwa majaribio mikopo ilipangwa kupitia benki: majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, manispaa za Kigoma Ujiji na Songea, miji ya Newala na Mbulu, na wilaya za Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli. Ukiwa huko, ulizia utaratibu wa benki mapema.

Kinachochelewesha maombi kwa kawaida ni vitu vidogo. Jina la kwenye muhtasari ni Mwanaidi, NIDA inasema Mwanahidi. Mtu mmoja yumo kwenye vikundi viwili. Watia saini wa akaunti ni mume na mke. Anuani ya mradi haijulikani, kwa hiyo anayekuja kukagua hapati cha kukagua. Yasahihisheni kabla, maana kikundi kinachorudishiwa maombi hupoteza robo mwaka, na kwenye kilimo robo mwaka ni msimu.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo. Msikubali kuwa majina ya kikundi cha mtu mwingine. Yupo mwenye fedha au cheo anayekusanya kina mama watano, anawafungulia akaunti, anawapa "shukrani" kidogo na kuondoka na mkopo. Waliosaini ndio wadaiwa. Vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa ni kasoro zilizotajwa kwenye ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), na ndizo zilizochangia mikopo kusimama kwa mwaka mzima na zaidi, hata kwa vikundi vilivyokuwa vinalipa. Vivyo hivyo, kugawana mkopo siku unapoingia, kila mtu milioni yake akafanye lake, si mradi wa kikundi. Kama mnataka kila mmoja awe na biashara yake, andikeni hivyo wazi kwenye andiko muone kama litakubalika.

Marejesho yalipwe kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali (control number) tu, benki au kwa simu. Usimpe mtu fedha mkononi, awe afisa, mwenyekiti au mhazini, hata kama anaahidi kuifikisha leo. Kila risiti ipigwe picha na ya karatasi ibandikwe kwenye daftari.

Mkopo si msaada pekee uliopo, na mara nyingine si huo mnaohitaji. Mzalishaji mdogo mwenye barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, hupata huduma ya nembo ya ubora ya TBS, shirika la viwango, bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo, na bila nembo hiyo ni vigumu mafuta yenu kuingia dukani mjini. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake zimetenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa makundi maalumu, wakiwemo wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na zabuni hupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Shule ya bweni ya wilaya inanunua mafuta, unga na maharage mwaka mzima. Kikundi kilichosajiliwa vizuri kina nafasi ya kuiuzia, ila taasisi nyingine hulipa kwa kuchelewa, kwa hiyo zabuni ya kwanza iwe ndogo kiasi ambacho mtaji wenu unaweza kuingoja kwa miezi miwili au mitatu.

Na mambo yakiharibika, mvua ikikosa au mashine ikifa, msijifiche. Itisheni kikao, andikeni muhtasari, na kabla tarehe ya marejesho haijafika pelekeni barua kwa mkurugenzi kupitia afisa wa kata, ikiwa na nakala ya daftari la mauzo, risiti za marejesho mliyokwisha kulipa, maelezo ya kilichotokea, na ratiba mpya mnayoiomba yenye tarehe na kiasi. Endeleeni kulipa hata shilingi 50,000 wakati mnasubiri jibu, na nakala ya barua igongwe muhuri wa mapokezi.