Barua Isiyo na Nahodha

Alhamisi ile nilitoka benki saa tano unusu asubuhi na risiti mkononi: dola 6,000 zimetumwa, kama shilingi 774,000 za Kenya. Ilikuwa arubuni ya leso, yaani kanga. Mjomba wangu anauza leso kwa jumla karibu na Biashara Street, Mombasa, na mimi ndiye ninayeshika hesabu zake na barua pepe. Oda ilikuwa doti 6,000 za kuuzwa kabla ya Idi, kila doti dola mbili na nusu. Asilimia 40 hulipwa mbele na zilizobaki mzigo ukishapakiwa. Kiwanda kiko Jetpur, Gujarat, na wenyewe tunafanya nao biashara tangu siku za marehemu babu.

Usiku usingizi ulinipaa. Sikushuku wizi hata kidogo. Kilichonikera ni jina.

Leso ina pindo, ina mji wa katikati, na ina jina, yale maneno yanayoandikwa juu yake. Pindo na mji fundi wa India anavijua vizuri, lakini jina kwake ni herufi tupu. Herufi moja ikikosewa mzigo mzima unakwama dukani, maana mwanamke wa Mombasa huisoma leso kabla ya kuuliza bei. Ndiyo maana kila oda Bhai, ndivyo tunavyomwita mwakilishi wao, huniandikia barua mbili tatu za jina peke yake. Mara hii jina lilikuwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE, naye aliniuliza: ni APONE au APONYE? Nilimjibu Jumatatu. Jumatano ikaja barua nyingine: akaunti yetu ya kawaida inakaguliwa na wakaguzi wa hesabu, tafadhali lipeni arubuni kwenye akaunti hii ya Hong Kong, na mfanye upesi tusije tukakosa zamu ya mashine. Chini yake zilifuatana barua zetu zote za nyuma. Idadi ya doti ilikuwa sawa, bei ilikuwa sawa, hata namna Bhai anavyoaga ilikuwa ileile. Lakini juu ya jina hapakuwa na neno. Mtu aliyenisumbua wiki nzima kwa herufi Y moja, leo anataka pesa na hataki jibu?

India wametutangulia saa mbili na nusu. Nikaswali alfajiri, nikangoja hadi saa kumi na mbili unusu, kwao saa tatu, nikampigia Bhai kwa namba niliyokuwa nayo siku zote. Kabla sijamaliza salamu akaanza kulalamika: ameniandikia mara mbili tangu Jumanne kuhusu jina, mbona nimenyamaza, mashine inangoja. Nikamwambia pesa zimeshatumwa. Akauliza, kwenye akaunti gani?

Nilifungua kompyuta mikono ikitetemeka. Barua zake mbili zilikuwemo, lakini hazikuwa mahali pa barua. Zilikuwa kwenye folda ya pembeni ambayo sijawahi kuifungua tangu tuwe na anwani ile, na zilikuwa na alama ya kuwa zimeshasomwa. Kwenye mipangilio nikakuta kanuni ambayo sikuiweka mimi: barua yoyote itokayo kwa Bhai ihamishwe huko, na nakala yake ipelekwe kwa anwani ya nje. Maana yake mtu alikuwa ameketi kati yangu na Bhai, anasoma za kwake na za kwangu, na kumjibu kila mmoja anavyotaka. Nikairudia barua ya Jumatano nikiisogeza karibu na macho. Katika anwani ya mtumaji, herufi m haikuwa m. Ilikuwa r na n zimebanana.

Saa mbili nilikuwa mlangoni mwa benki, kabla ya kufunguliwa. Hapa niseme wazi kwa atakayefikwa na jambo kama hili: usianze kwa kulia wala kwa kutafuta nani wa kulaumu, anza benki. Pesa zikitumwa nje, benki yako inaweza kuipelekea benki ya upande wa pili ujumbe wa kuomba zirudishwe, na kila saa inayopita mwizi anazidi kuzitoa na kuzisambaza. Aliyenihudumia alinitaka barua ya maandishi yenye saini ya mjomba, nakala ya risiti, na barua pepe zote mbili, ya kweli na ya uongo. Kutoka hapo nikaenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa, nikarudi benki na namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, kwa sababu benki ya kule ingeitaka. Niliuliza pia, mbona jina la mwenye akaunti ni la kampuni nyingine kabisa na pesa zikaenda? Nikajibiwa kwamba uhamisho hufuata namba ya akaunti.

Baada ya wiki tisa zilirudi dola 3,870. Zilizobaki zilikuwa zimeshatolewa kabla akaunti haijazuiwa.

Waliingiaje? Kupitia kwangu. Wiki tatu kabla yake nilipata barua iliyoonekana imetoka kwa wasafirishaji, inasema hati za mzigo ziko tayari, bonyeza uzisome. Ukurasa ukaniomba anwani na paswadi, nikaziandika. Hati hazikufunguka, nikadhani mtandao ni mbovu, nikaendelea na kazi. Siku hiyo kulikuwa na kontena bandarini na ejenti wa klearing alikuwa ananipigia kila dakika kumi. Siku kama hizo ndizo wanazozitaka.

Baadaye nilisoma sana kuhusu jambo hili, na lililonishangaza kuliko yote ni kwamba barua pepe haikujengwa kumthibitisha mtumaji. Kanuni zinazobeba barua hizi, SMTP, zilichapishwa mwaka 1982, wakati waliotumia mtandao walikuwa watafiti wachache waliojuana. Mtu anaweza kuandika jina lolote juu ya bahasha. Vizuizi viliongezwa baadaye. Februari 2024 Google na Yahoo walianza kuwabana wanaotuma barua kwa wingi wathibitishe kuwa anwani ni zao kweli. Lakini ulinzi huo usingeniokoa, kwa sababu mwizi wangu alikuwa amesajili anwani yake mwenyewe, ya r na n, na kwa anwani hiyo alikuwa mtumaji halali. Mwaka 2023 pekee FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilipokea malalamiko zaidi ya 21,000 ya wizi wa namna hii wa barua za kibiashara, hasara ikiwa dola bilioni 2.9.

Nilipomweleza mjomba haya alikaa kimya, kisha akanikumbusha namna babu alivyopokea barua pale Bandari ya Kale. Majahazi yakiingia na kaskazi, barua ilikuja na nahodha, na nahodha alijulikana, na baba yake alijulikana. Barua ikileta jambo zito kama la pesa, babu hakuitegemea karatasi. Alimkalisha nahodha barazani, akampa kahawa, akamuuliza aliyekupa barua hii alikuwa na hali gani, alisema nini kwa mdomo. "Sasa hizi barua zenu," mjomba akasema, "hazina nahodha."

Nililipenda neno lile. Hatua aliyoichukua baada yake sikuipenda.

Kesho yake alifunga kila kitu. Paswadi zote akazichukua yeye, akaziandika kwenye karatasi, akaitia droo. Intaneti ya dukani ikazimwa, isipokuwa kwenye kompyuta moja chumbani kwake. Kijana wa stoo, ambaye kila asubuhi alipiga picha za leso mpya na kuziweka kwenye WhatsApp, akaambiwa simu zibaki mlangoni. Na akatafuta fundi wa kutuwekea programu ya kusoma ujumbe wa kila mfanyakazi. Nilimwelewa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini wiki mbili hazikuisha wateja wa Lamu na Malindi wakaanza kupiga simu kuuliza duka limefungwa? Hao hawaji Mombasa kuchagua, wanachagua kwa picha. Kijana wa stoo naye akaniambia, bila hasira, kwamba programu ile ikiwekwa ataondoka, kwa kuwa kwenye simu ile anazungumza pia na mkewe na daktari wa mtoto wao.

Nikamwendea mjomba jioni, wakati wa kahawa tungu na kashata, saa ambayo moyo wake hulegea.

"Mjomba, mwizi aliingia kwa mlango wangu. Umefunga milango yote, lakini ule wangu bado uko wazi."

"Vipi uko wazi na paswadi ninazo mimi?"

"Kesho ikija barua nzuri kama ile, utaiona wewe peke yako kwenye kompyuta yako, hakuna wa kukuuliza. Mimi nilitapeliwa kwa sababu nilikuwa peke yangu."

Akakoroga kahawa isiyo na sukari. "Haya, sema."

Nikamwambia tunayoyaona nchini. Novemba 2024, wakati wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza Telegram izuiwe kwa sababu ya matapeli waliokuwa wakiuza mitihani humo. Matapeli walikuwepo kweli. Lakini waliofungiwa ni kila mtu, pamoja na wenye vikundi vya biashara na vya masomo ambao hawakuuza karatasi ya mtu. Na ile sheria ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 2018, ambayo ndiyo inayomshika mtu kama aliyetuibia, ilibeba ndani yake vifungu vya habari za uongo ambavyo wanablogu walivipeleka mahakamani kwa kuhofia vitawaziba mdomo. Vifungu 26 vikasimamishwa, hadi Februari 2020 Mahakama Kuu ilipoitupa kesi yao. Mimi naitaka sheria ya wizi, naitaka kwa moyo wote, nimelia kwa ajili yake. Sitaki kuilipia kwa ulimi wangu, wala kwa ulimi wa jirani. Mlinzi anayesoma barua zangu zote hanilindi na mwizi aliyekuwa anasoma barua zangu zote. Kwangu mimi wanakuwa wawili.

Mjomba hakukubali yote. Bado anaamini vijana wanakaa mno kwenye simu, na katika hilo simpingi. Lakini tulikubaliana. Programu ya kupeleleza haikuwekwa. Simu zikarudi, picha za leso zikarudi. Mimi nikabadilisha paswadi, nikaweka ulinzi wa hatua mbili ili asiyekuwa na simu yangu asiingie hata akiijua paswadi, na kila Ijumaa nafungua mipangilio kutazama kama pana kanuni nisiyoijua. Nayo akaunti ya benki ya mtu yeyote haibadilishwi kwa barua. Ikibadilika, wawili wetu tunampigia mhusika kwa namba ya daftari, daftari la karatasi lenye jalada jekundu analoliweka mjomba, na tunataka kumsikia kwa sauti. Daftari hilo ndilo nahodha wetu. Barua ikisema haraka, ndiyo kwanza tunaiacha hadi kesho.

Jambo lililokuwa gumu zaidi lilikuwa kusema nje. Mjomba alitaka liishie ndani kwa sababu ya aibu. Wafanyabiashara wa huku hukopeshana kwa neno, na jina likichafuka si rahisi kulisafisha. Nilimwomba ruhusa nimwambie mtu mmoja tu, mama anayeuza mapazia mtaa wa pili, kwa sababu nilijua naye anaagiza nje. Nilipofika kwenye neno Hong Kong alinishika mkono. Yeye alikuwa amepoteza dola 4,200 miezi mitano kabla yetu, kwa maneno yaleyale ya ukaguzi wa hesabu, na hakumwambia hata mumewe. Akaniambia yuko mwingine, muuzaji wa vigae, yaliyomkuta ni hayohayo. Miezi mitano! Kama yule mama angeweza kusema bila kuogopa kuchekwa, barua ile ya Jumatano ningeijua kwa harufu. Mjomba alipolisikia hili alitoka yeye mwenyewe baada ya swala ya Ijumaa, akaketi barazani na wenzake, akawasimulia kisa chote na hasara yake, dola 2,130, hakuficha hata senti.

Mwezi uliopita tuliagiza tena. Arubuni ilipofika wakati wake mjomba alivaa miwani, akafungua daftari jekundu, akabonyeza namba ya Jetpur tarakimu moja moja huku mimi nikiisoma kwa sauti. Bhai akapokea kwa video, nyuma yake kitambaa kimetandazwa mezani. Akatusomea tarakimu nne za mwisho za akaunti, zikalingana na zetu. Kisha, kabla hatujaaga, akaisogeza kamera kwenye pindo hadi kwenye jina, akaanza kuuliza herufi kwa herufi, na mjomba akawa anamwitikia: ndiyo, ndiyo, hapo ongeza H.