Kurudi Marangu baada ya likizo ya Desemba: ninavyoipanga safari kutoka Mombasa

Ninajitolea kufundisha hisabati katika sekondari iliyo juu ya Marangu, mkoani Kilimanjaro. Familia yangu iko Mombasa. Wenzangu wa Pwani wanaojitolea huku huniuliza namna ya kurudi kazini baada ya Krismasi na Mwaka Mpya bila kulala njiani. Safari hii mimi naipanga kuanzia mwisho wake: magari ya kupanda vijijini kutoka Himo na Marangu Mtoni hupungua sana jua likikaribia kuzama. Kwa hiyo nataka niwe nimeshatoka Holili, mpakani upande wa Tanzania, kabla ya saa kumi alasiri, na mengine yote nayahesabu kurudi nyuma kutoka hapo.

Kwanza njia. Anayetoka Nairobi na kwenda vijiji vya upande wa Machame au Arusha, Namanga inamfaa. Kijiji kikiwa Rombo, hasa Tarakea, kuna mpaka wa Loitokitok. Kwa mtu wa Pwani anayekwenda Marangu, Mamba au Mwika, njia ni Voi, Taveta, Holili, Himo. Kupitia Namanga ni kuzunguka bure.

Kuna mabasi ya moja kwa moja yanayopita Taveta kuelekea Moshi na Arusha. Nikiwa na mzigo mkubwa napanda hayo na kushukia Himo. Ubaya wake ni mpakani: basi haliondoki mpaka abiria wa mwisho agongewe muhuri, na siku za mwanzo wa Januari lazima awepo mtu mwenye karatasi pungufu. Nikiwa na mabegi mawili tu naikata safari vipande vipande. Natangulia na treni ya SGR ya saa mbili asubuhi kutoka Miritini, ile inayosimama vituo vya kati, na kabla ya saa tano niko Voi. Tiketi naikata mapema kwa simu, *639#, kwa sababu msimu huo viti huisha. Kituo cha Voi kiko nje ya mji, hivyo bodaboda hadi steji ya matatu za Taveta ni lazima. Wapo wanaouliza kuhusu reli ya zamani ya Voi hadi Kahe, iliyojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Reli ipo, ila treni ya abiria haipo.

Voi hadi Taveta ni kama kilomita 110, lami tupu, kupitia Mwatate, Bura na Maktau. Sehemu ndefu inapita pembezoni mwa Tsavo Magharibi, na ndovu huvuka barabara jioni na usiku. Ukikuta giza limeingia ukiwa Voi, lala Voi.

Taveta hapo ndipo wageni wengi wanapopoteza muda. Mpaka huu ni wa kituo kimoja: taratibu za kutoka na za kuingia hufanyika upande wa nchi unayoiingia. Ukitoka Kenya, usisimame kutafuta muhuri kwenye jengo la Taveta. Panda bodaboda moja kwa moja hadi jengo la Holili, na mwambie dereva hivyo kabla hajawasha pikipiki. Ndani utakuta dawati la Kenya la kukutoa, kisha la Tanzania la kukuingiza.

Karatasi ninazoziweka kwenye bahasha moja, zisizoingia ndani ya begi, ni hizi. Pasipoti kwanza: Tanzania haikupokei kwa kitambulisho cha taifa cha Kenya, hata kama Uganda au Rwanda wangekukubali. Pili, kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, kwa hiyo dawati la afya huiulizia, na chanjo huhesabiwa halali siku kumi baada ya kuchomwa. Kuchanja asubuhi ya safari hakusaidii kitu. Tangu 2016 kadi haiishi muda, hata kama imeandikwa miaka kumi.

Tatu, kibali cha ukaazi daraja C, ambacho ndicho cha wanaojitolea. Hapa nasisitiza. Mkenya huingia Tanzania bila viza na kupewa siku za matembezi, na ofisa asipoona kibali atakugongea hizo hizo. Utaingia, lakini umeingia kama mtalii, na siku ukikaguliwa ukiwa darasani maelezo yako hayatalingana na pasipoti. Kwa hiyo kibali, kilichochapishwa, nakitoa pamoja na pasipoti kabla sijaulizwa, kisha nausoma muhuri nikiwa bado dirishani. Tarehe ya mwisho wa kibali naiangalia Novemba, kabla sijaondoka kwenda likizo. Kikiwa kinaisha Desemba, shirika au shule inayonipokea inapaswa kuanza kuomba kipya mimi nikiwa bado nchini.

Salamu kwanza, kisha hoja. Kwa ofisa mwenye umri, shikamoo. Sisi wa Mombasa tuna haraka ya madirishani ambayo upande wa pili huonekana ni utovu wa adabu.

Forodha haina shida na nguo na vitu vyako vilivyotumika. Shida huanzia kwenye maboksi. Kompyuta mpakato nairudisha nikiwa nimeitoa kwenye boksi lake. Madaftari au vitabu vya shule vikiwa vingi, nabeba barua ya mkuu wa shule na risiti. Bidhaa zilizotengenezwa Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 hupitishwa kwa cheti rahisi cha uasilia kinachojazwa hapo hapo mpakani. Mbegu na miche usibebe bila cheti cha afya ya mimea. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku pande zote mbili, Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, basi zawadi zote ziingie kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa. Na halua, kwa joto la Voi, huvuja samli kupitia boksi hadi kwenye nguo. Iweke kwenye bati lenye kifuniko, au peleka mabuyu, ambayo hayana neno.

Pesa. Wabadilishaji wa mpakani nawapa kiasi cha nauli tu. Uliza bei ya shilingi moja ya Kenya, piga hesabu kwenye simu yako mwenyewe, upokee na kuhesabu noti za Tanzania kwanza, ndipo utoe zako. Akizichukua tena "kuongeza iliyopungua", hesabu upya kuanzia noti ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo mbili tatu hupotea. Kiasi kikubwa najitumia kutoka M-Pesa ya Kenya kwenda laini yangu ya Vodacom ya Tanzania, au natoa kwenye mashine ya benki Himo. Omba noti ndogo: konda wa daladala kupewa 10,000 kwa nauli ya karibu ni kumtafutia ugomvi.

Holili hadi Himo ni mwendo mfupi kwa Noah, vile vigari vidogo vya abiria, au kosta. Himo ndiyo njia panda: moja kwa moja ni Moshi, kulia ni Marangu. Mwanzoni mwa Januari Wachagga waliokuja kula sikukuu wanashuka kurudi Dar es Salaam na Arusha, kwa hiyo vurugu na nauli za kulipuka ziko upande wao. Wewe unapanda, na tatizo lako ni jingine: gari la kupanda hukaa stendi likisubiri kujaa, na baadhi ya Noah zimekodiwa na familia kushusha watu. Panda lile ambalo tayari lina watu ndani, hata kama ni kukuu. Kukaa peke yako kwenye gari zuri ni kujipangia saa nzima ya kungoja.

Marangu Mtoni njia hugawanyika, moja kwenda lango la mlima, nyingine Mamba, Mwika hadi Rombo. Kutoka hapo ni bodaboda. Mabegi mawili ya wastani hufungika vizuri zaidi ya moja zito, ambalo kwenye mwinuko huivuta pikipiki nyuma. Sweta liwe juu ya begi, kwani huku juu jioni ni baridi hata Januari.

Nyumba iliyofungwa mwezi mzima huenda haina umeme kwenye mita. LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, nainunua nikiwa Himo, mtandao ukiwa mzuri, na zile namba 20 za tokeni naziandika kwenye karatasi. Simu ikizima chaji njiani, utalala gizani na umeme umeshaulipia.