Seli Zinazozuia Ndizo Zinazopanga Mdundo wa Ubongo

Maelezo mengi kuhusu ubongo huanza na nuroni (seli za neva) zinazosisimua nyingine, kisha huzitaja nuroni za kuzuia, zile zinazozituliza nyingine, kwa sentensi moja, kana kwamba kazi yake yote ni kumwepusha mtu na kifafa. Kazi hiyo nuroni za kuzuia zinayo kweli, lakini mimi naona ni nusu tu ya habari, kwa sababu anayetaka kujua kwa nini umeme wa ubongo hupanda na kushuka kwa mpangilio hana budi kuanza na kundi hili, ambalo ni takriban sehemu moja kwa tano tu ya nuroni zote za gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje.

Mdundo wenyewe umejulikana tangu Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili wa mjini Jena, Ujerumani, alipochapisha mwaka 1929 rekodi za umeme wa ubongo wa binadamu, zikionyesha mawimbi ya takriban mizunguko 10 kwa sekunde. Chombo chake hakikuweza kumwonyesha ni seli zipi zinazoyapanga.

Chukua mawimbi ya gama, yenye mizunguko kati ya 30 na 80 kwa sekunde. Nuroni za piramidi, ambazo ni za kusisimua, zikifyatua umeme, huziamsha seli za kikapu zilizo jirani, aina ya nuroni za kuzuia ambazo aksoni zake (nyuzi za kupeleka ishara) huzingira miili ya nuroni nyingine, nazo hujibu upesi mno kwa kumwaga kemikali iitwayo GABA. Kemikali hiyo hufungua milango ya kloridi kwenye utando wa seli inayoipokea, na kwa milisekunde kadhaa seli hiyo huwa vigumu kufyatua. Kwa kuwa seli moja ya kikapu katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, hufikia zaidi ya nuroni 1000 za piramidi, nuroni hizo hunyamazishwa kwa pamoja na, lililo kubwa zaidi, huachiliwa karibu kwa wakati mmoja, kisha hufyatua pamoja na kuanzisha duru nyingine. Urefu wa duru hutegemea sana muda ambao athari ya GABA huchukua kufifia.

Kwamba uzuiaji wenyewe unaweza kutosha, lilionyeshwa mwaka 1995 na watafiti Whittington, Traub na Jefferys, waliozuia mawasiliano ya haraka ya kusisimua katika vipande vya hipokampasi ya panya na bado wakaona mtandao wa nuroni za kuzuia ukitoa mdundo wa takriban mizunguko 40 kwa sekunde. Mwaka 2009 watafiti nchini Marekani walitumia mwanga kuchochea aina moja tu ya seli kila mara katika ubongo wa panya hai: walipochochea seli za kuzuia zinazofyatua kwa kasi, mawimbi ya gama yaliongezeka, ilhali kuchochea nuroni za piramidi kulikuza mawimbi ya kasi ndogo. Kwangu jaribio hili lina nguvu kuliko hoja nyingi za nadharia.

Katika thalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayopitisha ishara kwenda kwenye gamba, jambo hili hugeuka kuwa la ajabu zaidi. Usingizi unapoanza kukolea, kundi la nuroni za kuzuia liitwalo kiini cha retikula hushusha umeme wa seli za thalamasi, na kushuka huko ndiko kunakoandaa milango fulani ya kalisi iwe tayari kufunguka. Uzuiaji unapolegea, milango hiyo hufunguka na seli hutoa mfululizo wa mapigo, ambayo nayo hukiamsha tena kiini hicho. Hivyo seli hufyatua kwa sababu ilizuiwa kwanza. Hapo ndipo hutoka yale mawimbi mafupi ya usingizi, yenye mizunguko takriban 10 hadi 15 kwa sekunde, ambayo huonekana kwenye rekodi ya umeme wa ubongo wa mtu aliyelala, yakivimba na kufifia ndani ya sekunde moja au mbili.