Jinsi tulivyopata fungu la washauri wa vijana kwenye bajeti ya kaunti

Ushauri niliopewa mwanzoni ulikuwa mbovu. Nilitaka bunge la kaunti yetu hapa Kenya litenge fedha za washauri wa vijana wanaokaribia kutoka kwenye malezi ya kambo na makao ya watoto, na karibu kila mtu alinijibu vilevile: tafuta mwanasiasa unayemjua, kisha mpeleke kijana akasimulie maisha yake mpaka waheshimiwa walie. Hilo la pili linanikera hadi leo. Kijana wa miaka 17 hana deni la kuwaonyesha wageni vidonda vyake ndipo asaidiwe. Tulikataa, na hatukupungukiwa na kitu.

Tulichokuwa tunaomba ni rahisi kueleza. Mtu mzima mmoja, aliyechunguzwa na kufunzwa, anamfuata kijana mmoja kabla hajatimiza miaka 18 na anaendelea naye baadaye. Anakwenda naye kutafuta kitambulisho, jambo linalowatesa sana wasio na karatasi za wazazi. Anamfundisha kuzungumza na mwenye nyumba. Anapokea simu usiku. Wenzake waliolelewa kwao wana mjomba au shangazi wa kufanya hayo.

Mwakilishi wadi wa kwanza tuliyemwona alitusikiliza kwa heshima, akasema, "Mama, mambo ya watoto ni ya serikali kuu. Hapa mmepotea njia." Ni kweli kwamba maafisa wa watoto wako chini ya serikali ya kitaifa, na nadhani hapo ndipo wengi hurudi nyumbani. Mimi nilikwenda kusoma Katiba, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, inayoorodhesha kazi za kaunti. Kipengele cha 9 kinataja elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kutunzia watoto. Niliposoma "vyuo vya ufundi" nilijua tumeupata mlango. Vijana wetu wengi huishia kwenye vyuo hivyohivyo vya kaunti, na wengi huacha katikati kwa kukosa mtu wa kuwafuatilia. Basi tukaliandika upya ombi lote. Halikuwa tena ombi la kuhudumia watoto walio chini ya serikali kuu. Sasa liliomba kila chuo cha ufundi cha kaunti kiwe na mpango wa washauri kwa wanafunzi waliotoka malezini, chini ya idara ya vijana na mafunzo. Tulimrudia mheshimiwa yuleyule na nakala ya jedwali, mstari ukiwa umepigwa rangi. Aliusoma mara mbili, akaita msaidizi wake aje kuandika. Mtu yeyote akikwambia suala lako si la kaunti, mwombe akuonyeshe kwenye jedwali hilo.

Ombi lenyewe ni haki ya mwananchi chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kwa hiyo usikubali kuzungushwa kana kwamba unaomba hisani. Nenda kwa karani wa bunge akuonyeshe muundo unaotakiwa. Wa kwetu alikuwa mwungwana, alitusahihishia lugha bila kudai chochote. Gharama zilikuwa fotokopi na nauli, elfu chache.

Jambo lililowagusa waheshimiwa kuliko hotuba zote lilikuwa karatasi moja. Afisa wa watoto alitupatia idadi tu, bila majina, tukaipanga kwa wadi. Kila mwakilishi aliona ni vijana wangapi wa wadi yake watatoka malezini karibuni. Mmoja alidhani kwake hakuna hata mmoja. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akitupigia simu.

Kwenye kamati swali gumu lilikuwa la usalama: mtamjuaje huyo mshauri? Ni swali halali, na ukifika bila jibu unastahili kurudishwa. Sisi tulikuwa na masharti tayari: cheti cha tabia njema kutoka polisi, mahojiano mbele ya afisa wa watoto, kukutana mahali pa wazi, na kijana kuwa na haki ya kumkataa mshauri bila kutoa sababu. Tuliongeza kwamba miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, ya 2009, inataka kila inapowezekana kijana apewe mtu maalumu wa kumsaidia kujitegemea anapoondoka. Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 nao unawarudisha watoto kwenye familia, na vijana wanaotoka makaoni wasiposhikwa mkono watarudi mitaani.

Na angalieni kalenda. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hufika bungeni kabla ya Februari 28, makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mwezi wa tano watu hujaa kwenye vikao vya umma kudai mambo mapya wakati fedha zimeshagawanywa. Sisi tuliingia Januari.

Tulipata chini ya nusu ya tulichoomba, lakini fungu lina mstari wake na jina lake kwenye bajeti. Washauri wa kwanza wameshafunzwa na vijana wao wanawajua. Sasa tunaandaa ombi la pili, la Bunge la Taifa, chini ya Ibara ya 119 ya Katiba, kuhusu vitambulisho.