Teksi Iliyoundwa na Rampu Yake

Dereva hushuka, hukitazama kiti cha magurudumu, kisha huuliza kama kinakunjika. Swali hilo hunikera, kwa sababu viti vingi vya umeme havikunjiki, na mwenye kiti hapendi kubebwa mikononi kama mzigo ilhali anaweza kuingia mwenyewe akiwekewa njia.

Magari mengi yanayowahudumia watu wenye ulemavu ni ya kawaida, yaliyokatwa na kushushwa sakafu baadaye karakanani. Yanafaa, lakini gari lililobuniwa hivyo tangu kiwandani ni jambo jingine. Mfano ni MV-1 ya Marekani, iliyoanza kuundwa Indiana mwaka 2011: rampu yake, yaani ubao wa mteremko wa kupandishia kiti, hujificha chini ya sakafu, na abiria huweza kukaa na kiti chake mbele, ubavuni mwa dereva, badala ya kuachwa nyuma peke yake. London nako, teksi nyeusi zote zimelazimika kupokea viti vya magurudumu tangu mwaka 2000, ingawa katika zile za zamani abiria husafiri akiwa ameelekea nyuma.

Hata hivyo, rampu pekee haitoshi. Kiti hufungwa sakafuni kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, na abiria hufungwa mkanda wake mwenyewe, kwa kuwa mkanda unaozuia kiti haumzuii mtu. Dereva asiyefundishwa huinasa mikanda hiyo kwenye magurudumu au kwenye sehemu ya kuwekea miguu, ambayo huweza kung'oka, badala ya kuinasa kwenye fremu. Kabla gari halijaondoka, mwenye kiti ana haki ya kuomba kila kulabu ya mikanda ivutwe mbele ya macho yake, ionekane kama imeshika.